Kujenga Spika za Safu kwa Draiva Bapa

Draiva bapa, aina ya kitoa sauti cha ndani ya spika, haina koni. Ndani yake kuna utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa njia za alumini, umenyooshwa mbele ya mistari ya sumaku za neodimiamu. Umeme wa muziki ukipita kwenye alumini, utando wote unasukumwa kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo usafi wa sauti yake unapotoka. Ubaya wake ni kwamba utando huo hutembea chini ya milimita moja. Ukiudai besi, unagonga sumaku. Dawa yake ni kupanga draiva nyingi wima, ziwe safu, ili kila moja ibebe kipande kidogo tu cha mzigo.

Hesabu za hapa ni za safu ya draiva tisa kila upande, kila moja omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), urefu 200 mm na upana 80 mm, zikisaidiwa na wufa sita (draiva za koni za sauti nzito) za inchi 6.5 kila upande. Kama zako zina vipimo vingine, piga hesabu upya kwa kufuata njia hiyohiyo.

Kwa nini tisa, na kwa nini zibanane

Tisa zinafungika vizuri: tatu mfululizo zinatoa omu 24, na mafungu matatu ya namna hiyo yakiwa sambamba yanarudi omu 8, ambayo amplifaya yoyote inaiweza. Nane zingekupa omu 4 au 16. Kumi zinaleta omu 3.2 au 20, usumbufu mtupu.

Urefu wa safu unakuwa mita 1.8. Kwa sebule yenye dari la mita 2.7 hiyo ni theluthi mbili, inatosha, kwa sababu vigae vya sakafuni na jipsamu ya juu vinaakisi sauti kama vioo na kuifanya safu iwe ndefu kuliko ilivyo. Faida yake utaiona kwenye umbali. Sauti ya spika ya kawaida hushuka desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ya safu hushuka 3 tu. Aliyekaa mlangoni anasikia karibu sawa na aliye kwenye kochi. Lakini tabia hiyo ina mwisho wake, na mwisho huo hutegemea masafa ya sauti, yaani mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi: kwa safu ya mita 1.8, kwenye hezi 1,000 inafika kama mita 4.7, ila kwenye hezi 300 inakoma mita 1.4 hivi. Hii ndiyo sababu wufa nazo zinapangwa kwenye mstari. Wufa moja kubwa ikikaa chini ya safu, ukiwa karibu besi inazidi, ukisogea nyuma inapotea.

Sehemu inayotoa sauti isipungue asilimia 80 ya urefu wote wa safu. Utando wa 165 mm ndani ya draiva ya 200 mm ni asilimia 82.5, kwa hiyo umepita kwa tundu la sindano. Seremala akikushauri uache sentimita mbili kati ya draiva na draiva ili ubao usidhoofike, mkatalie kwa upole: unashuka hadi asilimia 75, na sauti za juu zinaanza kutawanyika juu na chini vipandevipande. Fremu ziguse fremu.

Manunuzi

Draiva zenyewe usizitafute sokoni Kariakoo, Dar es Salaam. Huagizwa Marekani au China. Agiza 20, si 18, zote kwa mkupuo mmoja, na kabla ya kufurahia bei ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Zikifika, pima ukinzani wa kila moja kwa multimita, uandike nyuma yake kwa kalamu. Zinazokaribiana ziende fungu moja. Tofauti ikizidi asilimia 5, hiyo ndiyo ya akiba.

Wufa, waya, kapasita na bodi za amplifaya Kariakoo zimejaa. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zipuuze. Kinachokuhusu ni mita: wufa ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, na zile za gari, ambazo ndizo nyingi, ni za omu 4 na husoma 3 na kitu. Za omu 8 zifunge mbilimbili mfululizo, kisha mafungu matatu sambamba, upate omu 5.3. Za omu 4 ukizifunga hivyo zinashuka hadi 2.7 na amplifaya itachemka. Hizo zifunge tatutatu, mafungu mawili sambamba, upate 6.

Kasha

Shiti tatu za 2440 × 1220 mm, unene 18 mm, zinatosha makasha mawili. MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, inakatika vizuri na haina mlio, lakini Dar si rafiki yake: masika yakipita, kingo zisizopakwa rangi zinavimba. Ubao wa mbele uwe plaiwudi, na MDF ukiitumia kwingine, kila ukingo upakwe rangi ya msingi mara mbili kabla ya kuunganisha.

Vipimo vya nje: kimo 1940 mm, upana 380, kina 280. Ndani, ukuta wa wima unagawa kasha vyumba viwili: cha draiva bapa chenye upana wa 100 mm, na cha wufa chenye 226 mm. Kwa mpangilio huo katikati ya safu moja hadi nyingine ni 181 mm, chini ya nusu ya urefu wa wimbi la hezi 800, masafa ambapo wufa na draiva bapa zinapokezana; wimbi hilo lina urefu wa 430 mm. Wufa zipishane 300 mm katikati kwa katikati. Draiva bapa zianze 70 mm kutoka chini na kuishia 70 mm kabla ya juu. Katikati ya safu itakuwa kwenye 970 mm, usawa wa sikio la mtu aliyekaa.

Chumba kirefu cha mita 1.9 kisipokatwa kinavuma chenyewe karibu na hezi 90, na hakuna pamba itakayokinyamazisha. Kigawe mara tatu kwa mbao zilizozibwa kabisa, wufa mbili kila sehemu. Kila wufa inabaki na takriban lita 16 za hewa, ya kutosha kwa kasha lililofungwa.

Kwenye ubao wa mbele, toboa matundu tisa ya draiva bapa na kuacha madaraja ya 30 mm ya kushikia skrubu. Kisha, upande wa ndani, chonga kingo za kila tundu kwa pembe ya 45. Wengi huiruka hatua hii. Bila hiyo, mgongo wa utando unapumulia ndani ya handaki la 18 mm, na sauti za kati zinatoka kama mtu anayeongea akiwa ameziba pua. Utando ni mwembamba mno hivi kwamba sauti inayorudi kutoka ukuta wa nyuma hupita moja kwa moja hadi mbele, kwa hiyo chumba chake kijae nyuzi za poliesta za mito, zilizochambuliwa, zisizoshindiliwa. Sufi ni nzuri kwa sauti, ila inanyonya unyevu na kuota kuvu.

Mafundi wa Keko wanaweza kukata na kuunganisha kasha lote. Draiva bapa usizipeleke huko kamwe. Karakana yenye msumeno na mashine ya kuchomelea imejaa vumbi la chuma. Punje moja ikinaswa na sumaku inasugua utando mpaka uchanike. Zifungie nyumbani, juu ya shuka safi, kwa skrubu za shaba au chuma kisichovutwa na sumaku. Bisibisi ya kawaida huvutwa ghafla na kutoboa utando, kwa hiyo funika uso kwa kadibodi unapokaza. Punje iliyokwisha kuingia itolewe kwa kuigusa na utepe wa karatasi wenye gundi. Ukiipuliza kwa kompresa unapasua kilichobaki. Ziba kwa sponji ya milango au silikoni isiyonuka siki, kwani ile inayonuka hula shaba na alumini.

Kufunga waya

Zihesabu kutoka juu. Usifunge 1, 2, 3 pamoja, ingawa ndiyo njia fupi. Funga 1-4-7, 2-5-8 na 3-6-9. Fungu moja likifa, unabaki na mapengo madogo yaliyosambaa badala ya kupoteza theluthi nzima ya juu. Lehemu viungo vyote, na usikae na chuma cha moto zaidi ya sekunde tatu kwenye kituo cha draiva.

Chanya na hasi usiziamini kwa macho, wala usijaribu kwa betri, maana mtembeo wa utando hauonekani. Weka draiva mbili ubavu kwa ubavu, zipe mlio wa hezi 1,000 kwa sauti ndogo: zikiwa sawa mlio unapanda kwa desibeli 6, moja ikigeuzwa unakaribia kutoweka.

Krosova na urekebishaji

Tumia DSP, kifaa cha kuchakata sauti kidijitali, na chaneli mbili za amplifaya kila upande. Krosova, yaani mgawanyo wa sauti, iwe kwenye hezi 800, juu yake draiva bapa na chini yake wufa, kwa mteremko wa desibeli 24 kwa oktava (kila masafa yanapozidi au kupungua mara mbili), na chini ya hezi 60 iachie sabufa. Hata hivyo weka kapasita ya mikrofaradi 100 isiyo na chanya na hasi, mfululizo na safu nzima ya draiva bapa. Kwa omu 8 inaanza kuzuia kwenye hezi 200, mbali na muziki wako, lakini umeme ukikatika na kurudi ule mshindo wa amplifaya unaishia hapo.

Kinachowashangaza wengi ni sauti za juu. Kwa hesabu, draiva tisa zilizofungwa hivi zinaongeza desibeli 9.5 juu ya moja. Ukiwa umekaa mita 2.5, ncha za safu ziko mbali kuliko katikati yake kwa 157 mm, na wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa 34 mm tu. Hazifiki pamoja. Matokeo yake, kuanzia karibu hezi 530 kwenda juu sauti inateremka kama desibeli 3 kwa oktava, na ile faida yote inaliwa. Hilo si kosa la ujenzi. Rudisha kwa DSP, taratibu, ukifuata kipimo.

Pima kwa maikrofoni na programu ya bure ya REW, ukiwa pale unapokaa. Kanuni ya kupima mita moja haifai hapa: umbali huo unazidisha kosa la ncha hadi 345 mm, na ukirekebisha kwa grafu hiyo utapata sauti inayochoma masikio. Koni ya wufa imezama kama 30 mm, hivyo cheleweshe draiva bapa milisekunde 0.09. Kisha geuza chanya na hasi ya wufa peke yake kwa muda: shimo refu na la ulinganifu kwenye hezi 800 ni dalili kwamba zimepatana. Rudisha ilivyokuwa.

Kitambaa cha kufunikia kipime kwa mdomo. Puliza; kikikubania pumzi, kitabania na sauti.

Ikiharibika

Pima safu yote kwa mita kabla ya kufungua chochote, ukianzia baada ya kapasita. Kutoka omu 8 kwenda 12, kuna fungu limekatika, mara nyingi ni kiungo cha lehemu. Karibu 6.9, draiva moja imepiga shoti. Usomaji ukiwa sawa lakini kuna mkwaruzo kwenye sauti za kati, tafuta punje ya chuma au utando uliolegea: weka sauti chini, pitisha sikio kutoka juu hadi chini, utaisikia ilipo. Zile mbili za akiba zihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mkazo pamoja na vijifuko vya silika, hasa kama unakaa Kigamboni au Msasani, ambako upepo wa chumvi huanza na vituo vya waya.