Hitima ya ukoo kwa waliokosa kaburi

Koo nyingi za Lindi na Mtwara zina majina yasiyo na makaburi: waliouzwa utumwani Kilwa Kivinje, waliouawa katika Majimaji iliyoanza 1905, na waliokufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma maghala na mashamba. Hitima moja, yaani kisomo cha Kurani nzima cha kuwaombea marehemu, huwakumbuka wote. Ila msianze na sufuria, anzeni na ugomvi.

Wiki mbili kabla, mjomba mkubwa (huku ukoo hufuata mama, neno lake lina uzito) awaite wenye kinyongo: mipaka ya mikorosho, urithi, deni. Kila mmoja aseme hadi amalize, bila kudakiwa. Tuhuma za uchawi zizimwe mapema. Jina likishatajwa, kikao kimekufa. Aliyebakwa au kupigwa asikalishwe mbele ya aliyemtendea ili eti asamehe. Huyo asindikizwe na somo wake (mlezi wake wa unyago au jando) zahanati na dawati la jinsia polisi.

Kijana mwenye mwandiko azungukie wazee na daftari: jina, mama yake nani, alipotelea wapi. Wasiokumbukwa majina waandikwe "na wengine wote". Hapa ndipo watu huharakisha, halafu siku yenyewe bibi analia kakake kasahaulika, na kidonda kinafumuka upya. Someni orodha mbele ya wazee siku tatu kabla.

Oktoba hadi Desemba msithubutu: watu wako kwenye korosho.

Wanaotambika wamwage unga wa mtama shinani mwa mti alfajiri, asiyetaka asisutwe. Wakristo wa ukoo wasali asubuhi. Hitima ni baada ya Alasiri: juzuu (sehemu) 30 za Kurani kwa wasomaji 15, mbilimbili, zaidi kidogo ya saa moja. Wasomaji wakiwa sita, Magharibi itawakuta katikati. Ubani utiwe kwenye chetezo makaa yakishafunikwa na jivu jeupe. Makaa yakiwa bado na ndimi za moto huuunguza na kuwakaba wasomaji koo. Majina yasomwe kabla ya dua, polepole, hata wakilia.

Pilau ya watu 60: mchele kilo 10, nyama kilo 6. Waliogombana wale sinia moja. Mwanasiasa akitokea apewe sinia, si kipaza sauti.

Baada ya wiki, mjomba na somo wapite nyumba kwa nyumba. Asiyelala usiku, au anayesema anataka kufa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.