Mtoto anasomea majuu na janga limeingia: fanya hivi ukiwa hapa Kisumu

Kwanza elewa hali yake. Wakati wa korona sisi tulifungiwa na watu wetu, yeye alifungiwa kwa hosteli imebaki tupu, wenzake wameenda kwao na yeye hana pa kwenda maana Kenya ilisimamisha ndege za abiria za nje 25 Machi 2020 ikafungua 1 Agosti, kibarua cha kampasi kimeisha, na Julai Marekani ikatangaza eti mwenye masomo yake yote ni ya mtandaoni aondoke nchini, mpaka vyuo vya Harvard na MIT wakaenda korti ndio ikafyata. Sasa mtu ako na hayo yote kichwani alafu unampigia kuuliza karo ya mdogo wake, si unammaliza. Ombi la pesa weka kando, na umwambie hivyo kwa mdomo asibaki akikisia.

Angalia saa. Saa tatu usiku hapa ni saa nane mchana New York wakati wa kiangazi, lakini kwa aliye Guangzhou, China ni saa nane usiku, unamwamsha ndio umuulize kama analala vizuri! Na hiyo "uko sawa?" achana nayo, atakujibu niko poa mum. Uliza amepika nini, mara ya mwisho ametoka nje lini. Akiacha kuingia darasa na kamera anazima kila siku, huo si uvivu.

Matanga ndio tunaharibu kabisa huku kwetu. Nyanya amefariki, familia inakaa inaamua asiambiwe mpaka amalize mitihani, alafu binamu anaweka picha ya jeneza Facebook. Mwambieni bana. Mtu mmoja anayemwamini ndiye ampigie, si kutupa kwa grupu, na amuulize kwanza kama ako na mtu karibu. Siku ya mazishi mtu ashike simu arushe laivu, na zamu ya wajukuu ikifika naye aongee kwa spika watu wamsikie.

Kaunsela wa chuo wapo, mara nyingi bure, ila Marekani leseni yao ni ya jimbo, so kabla ahamie kwa rafiki jimbo lingine aulize kama watamhudumia huko.

Akitaja kufa usimhubirie. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, usikate simu, na mwingine apigie rumeti ama sekyuriti ya kampasi waende mlangoni kwake. Akiwa Marekani yeye mwenyewe anaweza kupiga 988, laini ya huko ya wanaofikiria kujiua. Namba ya rumeti itafute leo kukiwa shwari. Na wewe mwenye hulali juu ya hii maneno, Red Cross ya Kenya wako na laini ya ushauri, 1199, hailipishwi.