Fumbo la Maneno la Krismasi: Winda Konsonanti Kwanza

Usianze na namba moja. Najua imekaa pale juu kushoto ikikuita, na wifi yangu kila Desemba huitika wito huo. Anashika kalamu ya wino, anakodolea macho kidokezo cha kwanza mpaka chai inapoa, halafu anatangaza kwamba mtunzi wa mwaka huu ana roho mbaya. Mimi hushika penseli na kifutio. Nasoma vidokezo vyote, vya kwenda kulia na vya kwenda chini, bila kuandika herufi hata moja, na kinachotafutwa ni kimoja tu: majina ya watu na ya mahali. Nayawekea alama pembeni. Hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Kwa nini majina? Kwa sababu Kiswahili ni lugha ya irabu. Karibu kila neno linaishia a, e, i, o au u, na ndani yake konsonanti na irabu hupokezana. Sasa angalia yanayotokea kwenye jedwali la visanduku vya kujazia herufi. Mafumbo mengi hupangwa hivi kwamba neno linakatwa na mengine kila baada ya kisanduku kimoja. Chukua ZAWADI. Ikiwa maneno ya kwenda chini yanalikata kwenye kisanduku cha kwanza, cha tatu na cha tano, ukiyajibu hayo unabaki na Z_W_D_, na hapo hata mtoto atakujazia. Likikatwa kwenye cha pili, cha nne na cha sita, unabaki na _A_A_I. Hiyo inaweza kuwa zawadi, lakini inaweza pia kuwa safari, bahati au hatari. Umejibu vidokezo vitatu na hujapata chochote cha maana.

Kwa hiyo irabu ni za bure, konsonanti ndizo mali. Na fumbo la Krismasi, tofauti na mafumbo mengine ya mwaka mzima, limejaa majina yaliyotoka mbali, yenye konsonanti zilizobanana: GABRIELI ana br, KRISMASI ina kr na sm, STEFANO ana st, BETHLEHEMU ina hl. Jibu moja la namna hiyo likikaa sawasawa, linagawa konsonanti kwa majirani wote. Nikipata nafasi ya kuchagua kati ya kidokezo rahisi cha “mnyama mwenye nundu” na kidokezo kigumu kidogo cha jina la malaika, naanza na malaika. Ngamia atasubiri.

Yapo mambo madogo ya kukumbuka kabla hujaandika. Herufi c haikai peke yake kwa Kiswahili, hivyo ukiona C, kisanduku kinachofuata ni H, andika bila kuuliza. Dh, sh, ny na wenzake huchukua visanduku viwili viwili, na kile kikoma cha ng'ombe hakihesabiwi, kwa hiyo NGOMBE ni visanduku sita.

Sasa habari yenyewe ya kuzaliwa kwa Yesu. Injili zinazoisimulia ni mbili, Mathayo na Luka. Marko na Yohana hawaelezi kuzaliwa kwake kabisa. Na hao wawili hawasimulii mambo yale yale. Wachungaji, hori, amri ya Kaisari Augusto ya watu kuandikwa, Simeoni na nabii Ana pale hekaluni, hayo ni ya Luka. Mamajusi, nyota, Herode na kukimbilia Misri ni ya Mathayo. Watu wengi wameyachanganya vichwani kwa sababu ya maigizo ya watoto, ambamo wachungaji na mamajusi husimama bega kwa bega mbele ya hori moja, na mtunzi mjanja anaishi kwa mchanganyiko huo. Kidokezo kikisema “Mamajusi walimkuta mtoto ndani yake (6)”, yaani jibu la herufi sita, mkono unataka kuandika hori au zizi. Visanduku vinakataa, na Mathayo pia anakataa, maana yeye anasema waliingia nyumbani. Jibu ni NYUMBA.

Vivyo hivyo Mathayo hasemi mamajusi walikuwa wangapi. Alitaja zawadi tatu, watu wakahesabu watatu. Wala punda hatajwi popote katika safari ya kwenda Bethlehemu. Mtunzi mwaminifu anayetaka PUNDA ataandika “kwa mapokeo” au “yasemekana”. Ukiona maneno hayo kwenye kidokezo, funga Biblia na ukumbuke picha za kwenye kadi.

Halafu kuna suala la tafsiri ipi ya Biblia. Hili ndilo linalowatoa watu jasho, kuliko hata vidokezo vyenyewe. Katika Biblia ya Union wazazi ni Yusufu na Mariamu, na zawadi ya pili ni uvumba. Katika Habari Njema ni Yosefu na Maria, na zawadi ni ubani. Visanduku vya UVUMBA ni sita, vya UBANI ni vitano. MARIAMU saba, MARIA vitano. Hapo kuhesabu kunatosha. Lakini YUSUFU na YOSEFU yote yana herufi sita, na yanafanana kwenye nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya sita. Tofauti iko kwenye ya pili na ya nne tu. Ukijaza mojawapo kwa wino kabla hujaona kinachopita pale, kona ile umeiharibu mwenyewe. Mimi naandika Y_S_FU na kuacha mapengo. Nikishapata zawadi ya pili au jina la mama, najua mtunzi anasoma Biblia gani, na mapengo yote yanajazika mara moja. Mtunzi hubadilisha mambo mengi, lakini mara chache hubadilisha Biblia katikati ya fumbo.

Wacha nikuoneshe kona moja jinsi inavyofunguka. Kwenda kulia: “Mfalme aliyemwogopa mtoto (6)”. HERODE, bila wasiwasi. Kutoka kwenye H yake linashuka neno la herufi nne: “Mkono wa bahari, na kitanda pia”. Hapa mtunzi anacheza. Hori ni ghuba ndogo ya bahari, na hori ni chombo cha kulishia ng'ombe alimolazwa mtoto. HORI. Kutoka kwenye D ya Herode linashuka neno la herufi saba, na kidokezo ni kifupi cha kuudhi: “Ya kwanza kati ya tatu”. Wifi atapiga kelele, “Desemba hiyo! Andika Desemba, wifi!” DESEMBA ina herufi saba na inaanza na D, kweli. Lakini DHAHABU nayo ina saba na inaanza na D. Ubaya zaidi, herufi ya sita ya yote mawili ni B, kwa hiyo jirani anayepita pale hatakusaidia lolote.

Kinachoamua ni ile “ya” ya mwanzo wa kidokezo. Mwezi ungekuwa “wa”: wa kumi na mbili, wa mwisho. “Ya kwanza kati ya tatu” ni zawadi ya mamajusi. DHAHABU.

Upatanisho wa kisarufi ni msaada ambao watu wanaupita tu kama mataa ya barabarani usiku. Kidokezo kikianza na “cha”, jibu ni la ki- au ch-. Kikisema “limewashwa”, usipoteze muda na mshumaa. Tahadhari ipo kwa watu na wanyama tu, ambao wote huchukua “wa-” hata kama majina yao hayaanzi hivyo. “Walikaa makondeni usiku (10)” ni WACHUNGAJI, sawa. Lakini “Walilindwa kwa zamu (6)” ni KONDOO, na “Walitoka mashariki (8)” ni MAMAJUSI. Huyo wa mwisho ana hatari yake: MANEMANE, zawadi ya tatu, nayo ina herufi nane na inaanza na MA. Kiulize kidokezo kama kinazungumzia watu au kitu.

Vidokezo vya mchezo wa maneno, kama kile cha hori, mara nyingi hufungwa kwa alama ya kuuliza, ila wapo watunzi wasiotoa onyo. Ninachofanya ni kusoma kila neno la kidokezo kama halijui lenzake. “Hulipwa kila mwezi, hupambwa Krismasi (5)”: kinacholipwa kila mwezi ni kodi, kodi ya nini? PANGO, na pango la kuzaliwa Yesu ndilo hupambwa. Hicho nakipenda sana, nilikicheka peke yangu.

Yale yasiyo ya Biblia ni machache na hujirudia mwaka hata mwaka, kwa hiyo inafaa kuyajua tu. Askofu wa Mira, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo, ambaye Baba Krismasi anatokana naye: NIKOLA. Aliyeandaa pango lenye wanyama hai huko Greccio, Italia, mwaka 1223: FRANSISKO. Mtakatifu wa tarehe 26 Desemba: STEFANO. Kipindi cha Jumapili nne kabla ya sikukuu: MAJILIO. Wakristo wa Misri wanaosherehekea tarehe 7 Januari: WAKOPTI. Hata fumbo la maneno lenyewe lina nasaba na msimu huu, maana la kwanza, la mtunzi Arthur Wynne, lilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Sijawahi kuona mtunzi akilitumia hilo kama kidokezo, na nashangaa.

Ukikwama, na utakwama, usilitumbulie macho neno lililokukwamisha. Nenda kwa majirani zake, tena wale tu wanaolikata kwenye konsonanti. Tia irabu kwa penseli nyepesi pale mwisho wa neno, maana karibu siku zote ni mojawapo ya tano, na jibu la jirani litakuambia ipi. Kama kona nzima imegoma, basi karibu kila mara kuna jibu moja uliloliamini mapema ambalo si lake. Lishuku kwanza lile uliloliandika kwa haraka zaidi; kwetu huwa ni Desemba. Futa neno zima, si herufi moja, kwa sababu herufi zilizobaki zitakuvuta urudi kule kule.

Na ukiamua kuchungulia majibu, chungulia herufi moja tu, iwe konsonanti, kisha ufunike ukurasa kwa kiganja. Wifi huchungulia neno zima na kudai alikuwa analijua.