Mgonjwa wa kisukari anaposema atafunga
Muuguzi anayemhudumia mgonjwa wa kisukari aliyeazimia kufunga Ramadhani, licha ya kuelezwa hatari ya sukari kushuka mno, asianze kwa kumtisha wala kumwita mbishi, bali amuulize kwanza kufunga kuna maana gani kwake na anaogopa kupoteza nini asipofunga. Mara nyingi mgonjwa huyo anaijua hatari. Ameipima kwa mizani yake mwenyewe, ambamo ibada na heshima ya kufuturu pamoja na jamaa zake vina uzito kuliko kizunguzungu cha alasiri. Akikemewa, huenda akafunga vilevile, ila atawaficha wahudumu, na hapo ndipo hatari huzidi. Akisikilizwa, ni rahisi zaidi kukubaliana naye mambo mahususi: daktari apange upya dozi wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, daku isirukwe, sukari ipimwe mchana (wanazuoni wengi hawaoni kwamba kudunga kidole kunabatilisha saumu), na afungue mara moja ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikizidi 16.6. Makubaliano hayo yaandikwe katika faili lake, ili muuguzi wa zamu nyingine asianze upya kumhubiria.