Namna ya Kumwandika Mhusika Shoga Akawa Mtu, Si Kichekesho wala Maiti

Mwandishi wa filamu au tamthilia anayetaka kumwingiza mhusika shoga katika hadithi yake na aanze na neno lenyewe. Pwani, mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga yangu" kwa mapenzi tu, na bibi zetu wamelitumia neno hilo bila mtu kushtuka. Leo mwanamume akiitwa hivyo mtaani, mara nyingi ni tusi, na huweza kuwa mwanzo wa kipigo. Kwa hiyo amua mapema ni nani ndani ya hadithi atakayelitamka. Likitoka kinywani mwa jirani mwenye chuki, litaifichua chuki yake. Likitoka kwa msimulizi kwa kejeli, hadithi nzima itakuwa imemtukana mhusika wake. Mimi nalitumia hapa kwa sababu ndilo linaloeleweka na wengi, na naamini linaweza kutamkwa kwa heshima.

Baada ya neno, tazama mwisho wa hadithi kabla hujaandika mwanzo wake. Kanuni ya maadili ya Hollywood ya mwaka 1930, ambayo ilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, ilikataza hata kudokeza kile ilichokiita upotovu wa kijinsia, na katazo hilo halikulegezwa hadi 1961. Mashoga hawakutoweka kwenye filamu za Marekani miaka hiyo. Walipenyezwa kimyakimya wakiwa wachekeshaji wenye madaha au wahalifu, na mazoea ya kuwaua kabla pazia halijafungwa yaliendelea hata baada ya kanuni kuondolewa. Hapa kwetu, filamu ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya mwezi Aprili 2018, na Kahiu mwenyewe alieleza kwamba alikuwa ametakiwa kuubadilisha mwisho kwa kuwa haukuonyesha majuto ya kutosha. Mahakama Kuu iliposimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 mwezi Septemba, watu walijaa ukumbini Nairobi. Jiulize basi kwa uaminifu: mhusika wako anakufa kwa sababu matukio yamemfikisha hapo, au kwa sababu wewe umeogopa kumwacha hai?

Halafu mpe kazi, deni, na mama. Miswada mingi niliyoisoma humwingiza mtu huyu akiyumbisha kiuno ili watu wacheke, kisha humsahau. Jaribu hivi badala yake. Fundi cherehani anamalizia mkono wa kanzu ya sikukuu, na mwenzake amekaa pembeni akipiga pasi ya mkaa. Simu inalia, ni mama yake fundi kutoka kijijini, naye anaanza na hali ya ng'ombe, anapita kwenye bei ya mahindi, kisha anauliza, "Mwanangu, utatuletea mkwe lini?" Fundi anajibu, "Mungu akipenda, mama." Pasi inasimama juu ya kitambaa kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, na harufu ya kuungua inaanza kusikika. Usiongeze neno. Mtazamaji ambaye hajawahi kukubali jambo hili anamjua mama huyo, ameshaulizwa swali hilo, na kwa nukta chache atakuwa amekaa upande wa fundi bila kuhubiriwa.

Ndiyo maana, ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua tamthilia ya kila wiki badala ya filamu moja. Mhusika anayerudi nyumbani kwa watu juma baada ya juma huzoeleka kama jirani. Mwaka 1997, mhusika mkuu wa kipindi cha mchekeshaji wa Marekani Ellen DeGeneres alipojitangaza kuwa msagaji, sawa na mwigizaji mwenyewe, walitazama watu wapatao milioni 42. Katika kura za maoni za Gallup, Wamarekani waliounga mkono ndoa za jinsia moja walikuwa asilimia 27 mwaka 1996, na mwaka 2015 wakafika asilimia 60. Sitasema televisheni peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Kazi nzito ilifanywa na watoto waliowaambia wazazi wao ukweli mezani, wengine wakafukuzwa. Lakini familia iliyokwisha kumpenda mtu wa namna hiyo kwenye skrini ilikuwa na pa kuanzia mazungumzo.

Mwisho ni usalama, na hapa sioni nafasi ya kubahatisha. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono inayoitwa "kinyume cha maumbile". Tanzania, kifungu cha 154 hakishuki chini ya miaka 30. Ukisimuliwa maisha ya mtu halisi, omba ruhusa yake, kisha badilisha mtaa, kazi, na hata idadi ya ndugu zake, na umsomee ulichoandika kabla ya mtu mwingine yeyote kukiona. Mwigizaji naye apewe mswada mzima, si kurasa zake tu, aende nao nyumbani, na jina lake lisichapwe kwenye bango mpaka atakapokuwa amekubali kwa maandishi.