Motoka moja, vijana wanne: namna ya kugawana gari Lubumbashi bila kugombana

Sisi ni wanne hapa Lubumbashi, Kongo, na tuna Vitz moja. Mimi nauza dawa katika famasi Kamalondo, binamu yangu anapiga picha za arusi, jirani yetu anafundisha Ruashi, na mdogo wangu anasoma Kasapa. Hakuna hata mmoja wetu ambaye mshahara wake ungetosha kununua motoka na kuilisha esansi, yaani petroli, peke yake. Vijana wengi wananiuliza tunafanyaje, basi nawaandikia.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1948, Zurich, nchini Uswisi, watu walianzisha ushirika wa gari ulioitwa Sefage. Marekani, Zipcar ilianza mwaka 2000: kule kampuni ndiyo mwenye magari, wewe unalipia muda ulioendesha. Sisi tunafanana zaidi na wale wa Zurich, na likelemba, ule mchango wa kupokezana zamu, tumeikuta kwa mama zetu, kwa hiyo kuchanga pamoja si kitu cha kufundishwa.

Tafuteni watu kwanza, gari baadaye. Chagueni wale ambao saa zao hazigongani. Mwalimu anaitaka asubuhi, mimi jioni nikifunga famasi, mpiga picha Jumamosi nzima. Wanne wote mkiwa wa ofisi moja ya saa mbili asubuhi, acheni, mtakosana wiki ya kwanza. Tena muwe majirani. Ukipanda taksi-bisi kwenda kuchukua ufunguo, faida imeshakwisha.

Karatasi zinafuata. Karti roze, yaani kadi ya gari, inabeba jina la mtu mmoja, kwa hiyo andikeni patano: nani ametoa kiasi gani, nani atalipa akigonga, mtu akitaka kutoka inakuwaje. Wekeni sahihi mbele ya mashahidi, kisha mlipeleke kwa notari. Bima ya gari ni lazima kwa sheria tangu mwaka 1973. Kabla ya kulipa, iulizeni kampuni ya bima kama inamfunika kila dereva mwenye permi, yaani leseni, hata aliyeipata juzi, na jibu mlipate kwa maandishi. Vyeti vyote vikae katika bahasha moja ndani ya gari, pamoja na barua ya ruhusa kutoka kwa yule mwenye jina. Polisi wa rulaji, yule wa barabarani, akikusimamisha atauliza motoka ni ya nani, na barua ile inafupisha maneno.

Sasa daftari, na hapa nawaomba msome polepole, maana nimeona vikundi vikivunjika kwa kukosa kitu hiki tu. Letu ni daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, linakaa chini ya kiti cha dereva. Ukiingia unaandika tarehe, jina, na kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Ukirudisha unaandika kilomita tena, esansi uliyotia, na chochote ulichosikia: breki inalia, tairi la nyuma linapoteza upepo. Hakuna kuandika kesho.

Malipo yahesabiwe kwa kilomita, si kwa siku. Aliyekwenda sokoni na kurudi hawezi kulipa sawa na aliyefika Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kujua gari inakula kiasi gani, jazeni tangi mpaka juu, mwende kilomita 200, mjaze tena. Zikiingia lita 16, inakula lita 8 kwa kilomita 100. Kila mtu anarudisha esansi aliyotumia, halafu anatia kitu kidogo katika sanduku la pamoja. Tuseme ni senti 10 za dola kwa kilomita: kwenda Kipushi na kurudi, kama kilomita 60, ni dola 6. Sanduku hilo ndilo linalonunua oili, tairi na bima ya mwaka ujao. Msilikope hata kwa msiba. Kwa msiba changeni pembeni.

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linajaa kwenye filta ya hewa, ifungueni na kuipuliza mara kwa mara. Mvua ikianza Novemba, angalieni wiper na breki kabla ya kitu kingine.

Kuna sheria moja tuliyoiweka kwa ajili ya mdogo wangu, nanyi iwekeni. Motoka nyingi za hapa zimeingilia Zambia na usukani wake uko kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ukiwa nyuma ya lori la madini kwenye njia ya Likasi na unataka kulipita, huoni kinachokuja mpaka gari lote limeshatoka nje. Kwa hiyo dereva mpya haendi njia ndefu peke yake, na haendi usiku. Anayekaa kushoto ndiye anayemtazamia, na asipomwambia waziwazi kwamba njia ni nyeupe, anabaki nyuma ya lori hata kama ni mpaka Likasi.

Mtu akipata kazi Kolwezi akataka fungu lake, pelekeni gari kwa fundi asiye ndugu wa yeyote, aseme bei ya siku hiyo. Waliobaki wanamlipa kwa awamu mlizoandika katika patano, au yeye analeta mtu wa kuingia mahali pake, ambaye wote mmemkubali. Hesabu ya daftari ifungwe siku hiyohiyo, sahihi zikae chini ya mstari wa mwisho, na ufunguo wake urudi.