Mashilingi yasiyoisha: jinsi ya kutumia tembe na krimu pamoja

Hapa Kisumu na hili joto, jasho la kiunoni na mapajani halikauki, na wengi wetu tunapaka dawa, mashilingi (ile fangasi ya ngozi inayotoa maduara yenye mwasho) yanafifia halafu yanarudi makubwa kuliko kwanza. Kabla hujanunua ingine, soma ile tyubu uliyo nayo. Ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi, wachana nayo. Inatuliza mwasho siku mbili tatu unafikiri umepona kumbe fangasi inatambaa chini kwa chini, ule ukingo mwekundu wa duara unapotea, hata daktari anapata shida kuitambua.

Pili, omba ngozi ikwanguliwe kidogo pale ukingoni ipimwe, maana soriasisi na ukurutu, magonjwa ya ngozi yasiyo ya fangasi, zinafanana sana na mashilingi.

Sasa kuchanganya. Ni tembe moja na krimu moja, zote dawa za fangasi lakini za makundi tofauti. Kwa mtu mzima daktari huandika mara nyingi terbinafine miligramu 250 mara moja kwa siku, wiki 2 hadi 4, na krimu ya clotrimazole asubuhi na jioni. Zote zinazuia fangasi kutengeneza ergosterol, yale mafuta ya utando wake, ila kila moja inakata kazi mahali pake. Krimu usipake kwa duara peke yake, toka nje kama sentimita 2, na mashilingi yakiisha endelea wiki 1 au 2, hapa ndipo watu wengi wanaharibu kwa kuacha mapema.

Tafadhali usijiandikie tembe za aina mbili kwa pamoja, ini linaumia. Mwambie daktari kama una mimba, shida ya ini au moyo, au unameza ARV, dawa za TB au za kolesteroli. Kapsuli za itraconazole, dawa nyingine ya fangasi, zinamezwa baada ya chakula, na omeprazole, ile dawa ya asidi ya tumbo, inazipunguza nguvu. Macho yakiwa manjano au mkojo mweusi, acha dawa urudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani mtibiwe wote wenye dalili kwa wakati mmoja, kila mtu na taulo yake, nguo za ndani zifuliwe na maji moto na zipigwe pasi. Mtoto mwenye mapunye kichwani anahitaji dawa ya kumeza, krimu haifiki kwa mizizi ya nywele.

Wiki 4 zikipita bila mabadiliko usiongeze dozi, rudi, kwa sababu kuna fangasi inaitwa Trichophyton indotineae ambayo mara nyingi haisikii terbinafine na hapo daktari anahamia itraconazole.